Tafuta Kitako Kwanza: Kupanda Balbu na Viazi vya Maua Bila Kuvipindua

(Hotuba kwa wenye vitalu na wapanda maua wa nyanda za juu, kabla ya mvua za vuli)

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wenye vitalu, mama zetu wauza maua, na vijana mliokuja na majembe begani kana kwamba tunaingia shambani sasa hivi: wakubwa shikamooni, na wengine hamjambo.

Mezani hapa pana kisu na kitunguu maji. Tutaanza nacho, maana kila aliyewahi kukata kachumbari ameshaliona somo la leo, ila alilitazama kwa macho yanayotoka machozi.

Nakipasua kwa urefu, toka kwenye ncha hadi kwenye ndevu. Tazameni hapa chini. Pana kisahani kigumu, cheupe, unene wake kama sarafu. Magamba yote, la nje kabisa na la ndani kabisa, yameshikwa na kisahani hiki. Katikati ya magamba pana kichipukizi kidogo cha manjano kinachotazama juu, nacho kimeota kwenye kisahani hichohicho. Mizizi nayo inatoka chini yake, haitoki pengine popote. Nikikikata kisahani chote nikatupa, kama tufanyavyo jikoni, magamba yanaachana, kila moja na njia yake, na hakuna kitakachoota tena. Hicho ndicho kitako. Msicheke, tutalitaja neno hili mpaka jioni.

Wengi wakipewa balbu hutafuta kichwa. Wanaangalia ncha iko wapi, wanaielekeza juu, wanafukia. Kwa kitunguu maji na kwa tulipu utapatia. Kwa dalia utakosea, kwa begonia utakosea zaidi, na kwa gloriosa, yenye ncha mbili, utabaki umeshika kiazi huku ukiwauliza majirani. Ncha inadanganya. Kitako kina alama zisizofutika: mduara wa makovu madogomadogo pale mizizi ya msimu uliopita ilipokuwa, au ndevu kavu zilizobaki, au kovu la shina la zamani linalokwambia kwamba upande wa pili ndio wa chini. Kwa hiyo tafuta kitako kwanza. Ukishakipata, kichwa kitajileta.

Sokoni vyote huitwa balbu, neno ambalo fundi umeme naye analidai. Mkononi ni vitu vinne tofauti. Kuna kitunguu halisi chenye magamba, kama amarilisi, tulipu, lili, na ile nyinyoro yetu yenye kichwa chekundu cha mviringo kinachochomoza porini mvua zikianza. Kuna donge, ambalo ukilipasua huoni magamba, ni nyama tupu kama gimbi. Gladioli na frizia ni za jamii hii. Kuna kiazi, kama cha dalia, begonia, kaladi na gloriosa. Na kuna tunguu, linalotambaa ardhini kama tangawizi, nalo ndilo la kana, yale maua mekundu na ya manjano yaliyozunguka nusu ya viwanja vya shule nchini. Ukijua umeshika kipi kati ya hivi vinne, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa, ukipanda kitu kichwa chini miguu juu, hasa hutokea nini? Mara nyingi hakifi. Katika ncha ya mzizi mna chembe ndogo za wanga, nzito kuliko maji yanayozizunguka, nazo hutua upande wa chini wa seli kama mchanga unavyotua kwenye ndoo. Mzizi huzifuata. Chipukizi nalo huhisi vivyo hivyo, ila linakwenda kinyume, juu. Halihitaji mwanga ili lijue juu ni wapi, hata katika giza la udongo linajua. Kwa hiyo kitunguu kilichopinduliwa hutoa chipukizi likielekea chini, linakata kona, linakizunguka kitunguu chenyewe, ndipo linaanza safari ya kwenda juu. Mizizi nayo inatokea upande wa juu na kujikunja kurudi chini.

Hasara iko kwenye akiba. Chakula kilichomo ndani ya balbu ni kile kilichowekwa msimu uliopita, hakiongezeki mpaka jani lifike kwenye jua. Kila sentimeta ya mzunguko inakula akiba hiyo. Tulipu kubwa, iliyonona, italipa gharama na kuchanua ikiwa imechelewa. Donge dogo la gladioli litatoa majani tu, au shina jembamba lililopinda shingo. Na muda wote huo chipukizi likihangaika chini, funza na kuvu hawajalala.

Kwa mwenye bustani ya nyumbani hiyo ni kero. Kwa anayeuza ni fedha. Ukipanda tuta la gladioli kwa ajili ya sherehe za Desemba na robo yake ikatoka wiki 2 nyuma ya nyingine, hiyo robo imeikosa sherehe.

Na kwa kuwa tumeitaja gladioli, tukae nayo kidogo. Huyu si mgeni kabisa. Mmoja wa wazazi wakuu wa gladioli zenye maua makubwa za sokoni ni Gladiolus dalenii, anayeota mwenyewe katika nyasi za Afrika Mashariki. Shika donge lake. Ganda la kahawia ni kama karatasi, unaweza kulimenya, na tunashauri ulimenye. Chini utaona kovu la mviringo, lililobonyea kidogo, pengine limeshikamana na kitu kilichokauka na kusinyaa kama chapati ya juzi. Hilo ni donge mama. Kila mwaka gladioli hujenga donge jipya juu ya la zamani, na la zamani hunyonywa mpaka likabaki ganda. Lichomoe kwa kidole gumba kabla ya kupanda, kwani huhifadhi ugonjwa. Likishatoka, pale lilipokuwa ndipo kitako. Upande wa pili, katikati, pana jicho kubwa, yaani mahali chipukizi litakapotokea, na kandokando yake macho madogo yaliyopangana mstari mmoja.

Wakati wa kununua, usidanganywe na upana. Donge pana na bapa kama mandazi lililokanyagwa, lenye kovu kubwa chini, limezeeka. Donge nene, lililoinuka, lenye kovu dogo, ndilo lenye nguvu hata kama upana wake ni mdogo. Vile vitoto vidogo kama punje za mbaazi vinavyojazana kwenye kitako usivipande pamoja na mama zao ukitarajia maua. Vipande tuta la peke yake, navyo vitahitaji msimu mmoja au miwili kabla ya kuchanua.

Panda gladioli kina cha sentimeta 10 hadi 15, nafasi sentimeta 10 hadi 15. Kina hicho kinaonekana kikubwa kwa donge lenye kimo cha sentimeta 3, ila shina lake ni refu na zito kichwani, na lililopandwa juujuu hulala kwa upepo wa kwanza. Gladioli ina mizizi ya aina mbili. Ya kwanza myembamba, ya kunywa maji. Baadaye chini ya donge jipya hutoka minene, myeupe, yenye makunyanzi kama shingo ya kobe. Hiyo ni mizizi ya kuvuta. Hujikunja na kulivuta donge jipya chini, mahali linapotakiwa kukaa. Ndiyo sababu balbu nyingi zilizopandwa vibaya porini hujirekebisha zenyewe baada ya misimu kadhaa. Ila mteja wako hangoji misimu kadhaa.

Jambo moja linalowachanganya wengi: donge lililochimbwa juzi, likapandwa leo, halioti. Linaweza kukaa kimya wiki nyingi, na mwenye shamba akadhani amelipindua. Hakulipindua. Limelala usingizi wake, na usingizi huo huchukua miezi 2 hadi 3. Chimba majani yanapoanza kugeuka manjano, wiki 6 hadi 8 baada ya maua, anika kivulini penye hewa wiki 2 hadi 3, kisha hifadhi mahali pa baridi na pakavu. Kuanzia kupanda mpaka kuvuna maua hesabu siku 70 hadi 100, kutegemea aina na ubaridi wa mahali. Nguvu ileile inayoliongoza chipukizi udongoni huendelea hata baada ya kukata: ukisafirisha gladioli zimelazwa kwenye boksi, ncha zote hupinda kwenda juu, na ukifika sokoni una mafagio. Zisafirishe zimesimama kwenye ndoo.

Sasa dalia, na hapa tutakawia, maana hapa ndipo hasara kubwa zaidi hutokea.

Kiazi cha dalia kinafanana na kiazi kitamu, na kwa kweli ni ndugu wa kazi: vyote viwili ni mizizi iliyonenepa kwa kuhifadhi chakula. Kiazi mviringo ni kitu kingine. Kile ni shina lililovimba, ndiyo maana kina macho mwili mzima, na ukikikata vipande vinne kila kipande chenye jicho kitaota. Dalia haina macho mwilini. Macho yake yote yako kwenye shingo, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani, kwenye eneo lisilozidi upana wa kidole. Kiazi kikivunjika shingo, hata kiwe kikubwa kama mchi, ni kipofu. Ukikifukia kitatoa vimizizi, kitakaa kigumu udongoni miezi kadhaa, ukikichimba utakiona kizima, nacho hakitatoa hata jani moja. Mwenye bustani atalaumu mbegu, mvua, hata jirani.

Kwa hiyo katika dalia swali la juu na chini linajibiwa na shingo. Uking'oa shina zima, usilivute kama muhogo. Kata shina libaki sentimeta 15, zungushia uma wa bustani umbali wa sentimeta 30, inua polepole na udongo wake. Usilitumie shina kama mpini wa kubebea, shingo zote zitavunjika kwa uzito wa viazi vyenyewe. Osha, acha vikauke siku moja kivulini. Kugawa, tumia kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, na kila kiazi kiondoke na kipande cha taji, yaani pale shingo zinapoungana na shina, kipande chenye jicho. Huyaoni macho? Weka shada lote kwenye boksi lenye vumbi la mbao lenye unyevu kidogo, mahali penye joto, wiki 1 hadi 2. Macho yatavimba kama chunusi, mengine ya waridi, mengine ya kijani. Hapo kata.

Shimo la dalia liwe na kina cha sentimeta 15. Kwanza simika mti wa kuegemea, mita 1 hadi 1.5, kabla ya kiazi. Ukiuchomeka baadaye utakitoboa kiazi usichokiona. Laza kiazi ubavu, shingo ikiwa karibu na mti, jicho likitazama juu. Wanaosimamisha kiazi kama karoti si kwamba wanakosea sana, ila wakikosea upande, shingo inakwenda chini na jicho linaanza safari likiwa mbali. Kikilala, huwezi kukosea sana. Fukia sentimeta 5 hadi 8 tu, kisha jaza shimo kadiri chipukizi linavyopanda. Kama udongo una unyevu, usimwagilie mpaka chipukizi litokeze. Kiazi kisicho na mizizi hakinywi maji, kinaloana tu, na kuoza kunaanza. Nafasi kati ya mmea na mmea ni sentimeta 45 hadi 60, na aina kubwa wape 90. Mmea ukiwa na jozi 3 au 4 za majani, kata kichwa chake, utapanuka.

Dalia asili yake ni Meksiko, ambako tangu 1963 ni ua la taifa, na kule hukaa milimani penye mvua za msimu na kiangazi kikavu. Ndiyo maana inajisikia nyumbani Lushoto, Njombe na Limuru. Kiangazi chetu ni wakati wake wa kulala. Anayeinywesha maji mwaka mzima anaichosha.

Mambo haya si mageni kwenu. Mkulima wa muhogo akishika pingili hutazama macho yameelekea wapi kabla hajachomeka, na anajua pingili iliyopinduliwa huchelewa na kudorora. Mkulima wa miwa hasumbuki kabisa, anailaza tu mferejini, kwa kuwa macho yako pande zote. Maua yanafuata akili hiyohiyo. Kana ni kama muwa na tangawizi kwa pamoja: laza tunguu, macho juu, fukia sentimeta 5 hadi 8, basi.

Nimesema tafuta kitako, na sasa inabidi niseme pale ambapo kitako kinageuza mambo.

Begonia ya kiazi ina umbo la kikombe, upande mmoja umebonyea, mwingine umetuna. Mkono wa kila mtu unataka kuweka sehemu iliyobonyea chini, kama kufunika bakuli. Ndivyo sivyo. Bonde liko juu, machipukizi yanatokea humo. Upande uliotuna, wenye vinyweleo, ndio kitako. Funika kwa udongo sentimeta 2 au 3 tu, na maji yamwagwe kando. Ukilijaza bonde lile maji, umetengeneza kisima cha kuozesha kiazi.

Kala za rangi, zile za manjano, waridi na zambarau iliyokolea, zina kiazi laini upande mmoja na vinundu upande mwingine. Vinundu viwe juu. Hapa ajabu ni kwamba mizizi nayo hutoka upande huohuo wa juu, kuzunguka machipukizi, kisha ndipo inateremka. Aliyezoea kuona mizizi chini akifukua kiazi kilichoanza kuota atadhani amekipindua, atakigeuza, na hapo ndipo atakuwa amekipindua kweli. Kwa sababu ya mizizi hiyo, kala haitaki kuachwa juujuu: sentimeta 5 hadi 8 za udongo wenye unyevu juu ya kiazi. Lili nazo zina tabia inayokaribia hiyo. Aina nyingi zina mizizi ya kitako na mizizi mingine kwenye shina, juu ya kitunguu, kwa hiyo zizamishe sentimeta 12 hadi 15.

Ranunkula inafanana na mguu wa kuku mdogo. Makucha chini, manyoya juu. Iloweke saa 3 au 4 kwanza, isilale majini usiku kucha, itaoza kabla hujaipanda.

Gloriosa ina kiazi kilichopinda kama herufi V, na jicho liko kwenye ncha ya mkono wa kiazi. Ukivunja ncha umevunja jicho, na hilo halina mbadala. Laza kiazi kizima ubavu, sentimeta 5 hadi 8 chini, na uweke uzio au kamba ya kukwea, maana ncha za majani yake hujisokota na kushika. Vaeni glavu. Mmea huu wote, na kiazi kuliko sehemu nyingine, una sumu iitwayo kolchisini. Hospitali huitumia dawa hiyo kwa vipimo vidogo sana kutibu jongo. Kiazi kikiliwa huua. Kinafanana vya kutosha na kiazi kikuu au kiazi kitamu chembamba kumdanganya mtoto mwenye njaa au mpishi mwenye haraka. Kisihifadhiwe ghala moja na chakula, kwa siku moja wala kwa saa moja, na kwenye mfuko andika SUMU kwa herufi kubwa. Nyinyoro na amarilisi nazo zina sumu kwenye vitunguu vyake, ziwekeni mbali na kikapu cha jikoni.

Kwa ndugu wa pwani, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, kaladi ndiyo yenu: inapenda joto na kivuli. Upande wenye vinundu juu, sentimeta 3 hadi 5. Hata ukiipindua itatoka, ila itakawia.

Amarilisi ina shingo ndefu, kwa hiyo hakuna anayeipindua. Kosa lake ni kuizamisha yote. Theluthi ya juu, na shingo nzima, ibaki nje ya udongo, la sivyo maji yanakaa shingoni. Chungu kisizidi upana wa kitunguu kwa zaidi ya sentimeta 5. Ua litafika baada ya wiki 6 hadi 8.

Kwa vitunguu vingine vingi kipimo cha kina unacho mkononi: shimo liwe mara 3 ya kimo cha kitunguu chenyewe. Cha sentimeta 5 kinachimbiwa 15, na juu yake panabaki udongo wa sentimeta 10. Mchangani ongeza kidogo, kwenye mfinyanzi punguza.

Lakini mtu anaweza kuweka kitako chini sawasawa na bado akapoteza kitunguu, na sababu ni umbo la shimo. Ukichoma ardhi kwa muo au ncha ya panga, shimo linakuwa jembamba chini kama faneli. Kitunguu kinakwama katikati, na chini ya kitako panabaki uwazi. Mizizi inaning'inia hewani, na mvua ikinyesha uwazi ule unakuwa birika. Chimba shimo lenye sakafu bapa, tandaza mchanga wa mto sentimeta 2, kalisha kitunguu, kandamiza kidogo. Usikizungushe kama unafunga bulubu, utakwangua kitako chenyewe. Ukikivuta kwa vidole viwili na kisikuchezee, kimekaa.

Mbolea ya samadi iwe imeoza kweli, isiwe na harufu, debe moja la lita 20 kwa mita 1 ya mraba, ichanganywe na udongo siku kadhaa kabla. Samadi mbichi chini ya kitako ni moto. Ukitumia mbolea ya dukani ya DAP, kisoda kimoja kwa shimo, takriban gramu 5, kisha udongo wa sentimeta 3, ndipo balbu. Ikigusana na kitako inaunguza, na kuungua kwenyewe huonekana kama ugonjwa, kwa hiyo watu hununua dawa ya kuvu isiyohusika. Kwenye mvua za masika inueni matuta sentimeta 20. Kwa maoni yetu, maji yaliyotuama yameua balbu nyingi kuliko kupinduliwa kote kulikowahi kutokea.

Na ukishindwa kabisa kujua juu na chini? Anemoni, kwa mfano, ni vijiwe vyeusi vilivyokunjamana ambavyo hata mtaalamu huvigeuzageuza. Laza ubavu. Kikiwa ubavu, safari ya kona ni nusu, kokote kitako kiliko. Au kama una muda, tandaza mchanga wenye unyevu kwenye sinia, sentimeta 5, panga balbu juu bila kufukia, weka kivulini. Ndani ya wiki 1 au 2 nyingi zitajisema zenyewe, nyingine kwa mzizi mweupe, nyingine kwa ncha ya kijani. Hapo zipande upesi, kabla mizizi haijazidi sentimeta 1, kwa kuwa mzizi wa balbu ukikatika mara nyingi hauchipui tena.

Kuna wanaoletewa tulipu na jamaa walioko Ulaya. Nasikitika kuwavunja moyo kidogo. Tulipu inahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ya chini ya nyuzi 9, na hata usiku wa Njombe hautoi baridi hiyo mfululizo. Itabidi uiweke kwenye friji, ndani ya mfuko wa karatasi, na friji hiyo isiwe na ndizi mbivu, maembe wala parachichi. Hewa ya ethilini inayotoka kwenye ndizi mbivu, ileile wauzaji wanayoitumia kuivishia mikungu mibichi chini ya gunia, huua ua la tulipu likiwa bado ndani ya kitunguu. Utapanda kitu kizima, kitako chini, utapata majani matupu. Hao jamaa wa Ulaya wao wapande ardhini moja kwa moja, Oktoba au Novemba, sentimeta 15, na waachie majira yafanye kazi.

Swali linaloulizwa kila mara ni la aliyekwisha kupanda. Usiku anakumbuka kwamba mwanawe ndiye aliyefukia tuta la mwisho. Kama hazijapita siku 10, chimba kwa mkono ubavuni, si kwa jembe, chunguza mbili tatu. Zikiwa zimepinduka na hazijatoa mizizi, geuza zote. Zikiwa zimeshatoa mizizi, ziache. Chipukizi limeshaanza kona yake, na ukiligeuza sasa litaanza kona ya pili. Weka alama tuta hilo, lipe maji kwa kiasi, na msimu ukiisha chimba, chambua, panda upya. Dalia iliyokawia zaidi ya wiki 4 hadi 5 fukua bila huruma: kama haina jicho lililovimba kwenye shingo, ni kipofu, mpe nafasi mwingine.

Hapo mlangoni kuna sinia la viazi vya dalia, kila mmoja achukue kimoja. Tumevichanganya kwa makusudi, na vingine ni vipofu. Kabla hujakiweka mfukoni, kishike shingo, ukigeuze kwenye mwanga, umwonyeshe aliye jirani yako jicho liko wapi. Usipoliona, kirudishe.